Mwaka Nilioacha Kupiga Hodi

Bi Khadija wa Chaani alipofariki, mwezi uliopita, binti yangu alijua kabla yangu, mjukuu wangu alijua kabla yangu, na msichana wa duka la mkabala, ambaye hakumjua Khadija hata kwa sura, alijua kabla yangu. Mimi niliyekuwa shoga yake kwa zaidi ya miaka hamsini nilikuwa uani nimekalia mbuzi, nakuna nazi. Rehema, binti yangu, akaja akasimama mlangoni na simu mkononi, akaniangalia mimi, akaiangalia simu, akaniangalia tena. “Mama,” akasema, “kuna kitu kimeingia kwenye grupu.” Nikamwambia kama ni picha ya maua ya Ijumaa aiache huko huko ilikoingia. Hakucheka. Akanisomea, kwa sauti ile ya kusoma tangazo, kwamba mama yetu mpendwa ametangulia mbele ya haki na atazikwa leo baada ya sala ya alasiri. Chini yake, akasema, watu wameshaweka mikono ya dua, mingi. Nilimuuliza hiyo mikono ni ya nani. Akasema, “Si ya mtu, Mama, ni picha tu.” Nikaendelea kukuna ile nazi mpaka kifuu kikabaki kitupu, na hapo ndipo nilipoona kwamba nakuna kifuu.

Watu husema mtu hufunzwa na dunia akiwa kijana. Mimi ujanani sikufunzwa kitu. Nilisoma darasa tatu na chuo cha Kurani, nikaolewa, nikazaa, nikadhani nimemaliza. Mwaka ulionifunza ulinikuta na umri wa miaka sitini na saba, na magoti mabovu, hapa hapa Jomvu Kuu, na ulikuwa mwaka tuliotiwa intaneti nyumbani. Ndio mwaka ambao kidogo tu nimpoteze Khadija akiwa bado yu hai, na kosa lilikuwa langu, ingawa kwa miezi mingi niliwalaumu wengine.

Kazi yangu nilikuwa mwalishi. Vijana siku hizi hawalijui neno hilo, basi nieleze. Pakiwa na harusi, mwenye harusi hatumi salamu za kuokoteza. Humwita mwalishi, humtajia nyumba, na mwalishi hujitanda buibui lake akaenda mlango kwa mlango. Njia yangu ilianza nyumba za nyuma ya msikiti, ikateremka upande wa mikoko, ikarudi juu mpaka barabara kubwa. Nyumba zote nilizishika kichwani, sikuandika hata moja. Mwalishi hasemi na mtu akiwa nje. Anapiga hodi, anakaribishwa, anakaa, anaulizwa hali naye anauliza hali, ndipo anaeleza: nimetumwa na fulani, anakusalimu sana, mwanawe fulani anaolewa, hina ni siku kadha, nikahi ni siku kadha, kupamba ni siku kadha, usikose. Yule mwenye nyumba anajibu inshallah, na hapo ameshaalikwa. Asiyeendewa hakualikwa. Hata awe jirani wa ukuta mmoja, hata asikie masufuria yakisuguliwa na akinuse kitunguu cha pilau, hatii mguu. Na asipotia mguu halaumiwi yeye, alaumiwa mwalishi. Miaka thelathini nilifanya kazi hiyo, na hakuna aliyewahi kusema nilimruka.

Sasa hiyo intaneti. Mkwe wangu, mume wa Rehema, aliitaka kwa ajili ya kazi zake, akaleta vijana wawili na ngazi. Wakazunguka nyumba nzima wakigonga kuta kama wanunuzi wa matikiti, kisha yule mmoja akaingia chumbani kwangu bila hata kuvua viatu, akasema, “Mama, ukuta huu ndio mzuri.” Nikamuuliza mzuri kwa nani. Akasema kwa netiweki. Kwa hiyo kidude chenye taa nne kikatundikwa juu ya kitanda changu, pale nilipokuwa nimeweka saa ya ukutani, na waya wake ukachukua soketi ya feni yangu. Nikawa nalala kwa joto ili watu wengine waone video. Tangu siku hiyo chumba changu kikawa ofisi. Huyu anaingia kukizima na kukiwasha kwa kuwa kimegoma, yule anaingia kusoma namba zilizoandikwa mgongoni mwake, na mimi niko kwenye mswala naambiwa, “Bibi, samahani, jongea kidogo.”

Barazani ndiko kulikozidi. Vijana wa mtaa waligundua kwamba chini ya dirisha langu ndipo panapokamata vizuri, wakawa wanakaa pale tangu mchana, mabega yamegusana, hawasemezani. Wakisema, nilisikia kila kitu. “Bibi amezima.” “Hajazima, amechomoa.” “Anachomoa kwa nini?” “Anapigia pasi buibui lake.” “Ana mabuibui mangapi huyu?” Siku moja nilifungua dirisha nikawauliza kama makwao hakuna baraza. Mmoja, mwenye adabu kidogo, akasema, “Shikamoo Bibi. Baraza zipo, ila hazina waifai.” Nikaitika marahaba, maana shikamoo haikataliwi, nikafunga dirisha. Hata wakati wa kula nilishindwa. Tunakaa kwenye sinia, wali wa nazi na papa wa kupaka, mkono wa kulia umo siniani na wa kushoto umeshika simu, na ukimwambia mtu nipe ndimu anakujibu “eeh” na ndimu haiji. Yangu mimi ilikuwa mulika mwizi, simu ya kitochi, ikipigwa inalia, ukimaliza inanyamaza. Hiyo ndiyo simu.

Katikati ya mwaka huo mjukuu wangu Zuhura, binti wa Rehema, akaposwa. Nikajinyoosha. Mjukuu wa mwalishi anaolewa, nani tena wa kualika? Nikatoa buibui jipya sandukuni, nikalianika. Rehema akaja kukaa kitandani kwangu, akashika goti langu, nikajua kuna jambo.

“Mama, nimeona usijisumbue. Tutafungua grupu.”

“Grupu la nini?”

“La harusi. Tunatia namba za watu wote, tunatuma kadi mara moja. Magoti yako, Mama.”

“Magoti yangu yamekwambia nini?”

“Hayakuniambia. Nayasikia ukiinuka.”

Zuhura akaingia na yeye akakaa upande wa pili, wakaniweka kati kama bi harusi ni mimi. Akasema, “Bibi, kadi ni nzuri. Ina maua, ina nyimbo. Mtu akiifungua tu, inaimba.” Nikamwambia mimi nikifunguliwa mlango siimbi, na watu walikuja miaka thelathini. Lakini nilikuwa nimechoka, nisiseme uongo. Wiki ile nilikuwa nimetoka kwenye maulidi nikarudi kwa tuktuk, na mtaa wenyewe ni ule ule. Nikakubali. Alasiri nzima nikakaa kitandani chini ya zile taa nne, nikaitembea njia yangu kwa mdomo: nyumba ya nyuma ya msikiti, ya pili yake, yenye mlango wa kijani, yenye mpera, na Zuhura akitafuta namba na kubofya. Watu niliokuwa nikiwamaliza kwa siku nne tuliwamaliza kabla ya magharibi. Tulipofika kwa Khadija nikasema, “Huyo nitamwendea mwenyewe.” Khadija alikuwa amehamia Chaani kwa mwanawe, na hana simu ya kuona picha. Zuhura akasema, “Sawa Bibi, ila nimtie tu kupitia kwa Mwanasiti, isije ikasahaulika.” Mwanasiti ni mkazamwana wa Khadija, anaishi naye nyumba moja.

Siku ya pili Zuhura akaja na simu. “Bibi, tazama. Tiki mbili za buluu. Ameshasoma.” Nikazitazama. Vistari viwili vidogo kama nyayo za kunguru. Nikauliza, “Nani amesoma?” Akasema, “Bi Khadija, si namba ya kwao hii?” Na mimi, mtu mzima, mwalishi, niliyejua kwamba mtu haaliki kwa kupitia dirishani, nikajiambia basi ameshajua, nitamwendea kesho kwa mazungumzo tu. Kesho goti likavimba. Kesho kutwa mchele ukaletwa, nikasimamia kupetwa. Ikafika siku ya hina na mimi sijafika Chaani. Hilo ndilo kosa langu, na sikulifanya kwa kuwa siijui simu. Nililifanya kwa kuwa iliniondolea safari, na safari nilikuwa siitaki.

Harusi ilijaa. Sisemi haikujaa. Walikuja hata watu ambao sikuwataja, kwa kuwa kadi ilirushwa kutoka simu hii hadi ile, na wanawake wawili walikula pilau, wakapigwa picha na bi harusi, wakaondoka, na mpaka leo hatujui ni wa nani. Lakini siku ya hina nilimwekea Khadija nafasi kwenye mkeka, ubavuni mwangu, nikaweka mtandio wangu pale asikae mtu. Kila kiatu kilipovuliwa mlangoni nilinyanyua kichwa. Siku ya nikahi vilevile. Siku ya kupamba niliuondoa ule mtandio nikajitanda. Khadija ndiye aliyenisinga mimi siku ya harusi yangu, alinifunga leso uzazi wa Rehema, na kwa huyu Zuhura alikesha hospitali. Asije kwenye harusi yake? Nikamuuliza Zuhura tena zile tiki. Akasema, “Zipo, Bibi. Zimesomwa, na wala hakujibu.”

Hapo ndipo nilipokasirika, na mimi nikikasirika nakasirika. Nilimwambia kila aliyeniuliza: Khadija ameniaibisha, amesoma na hakujibu. Nikayasema maneno hayo ya simu mimi mwenyewe, kana kwamba nazijua tiki tangu tumboni. Ramadhani ikaingia. Kila mwaka yeye huniletea mkate wa sinia siku ya kwanza, na mimi humpelekea kaimati siku ya pili, hata alipohamia Chaani hatukuacha. Mwaka huo hakuna sahani iliyotoka kwake wala iliyotoka kwangu. Rehema akasema, “Mpigie, Mama.” Nikasema aliyekosea ndiye anayepiga. Idi ikapita. Miezi minane ikapita. Zuhura akawa ana mimba, tumbo limeanza kutoka.

Kilichonifungua macho hakikutoka kwenye simu. Nilikwenda Kongowea kutafuta maembe ya achari, na mwanamke mmoja aliyekuwa akiuza nyanya akaniita. Nilimjua, Mama Otieno, mtu wa bara, mpangaji wa chumba cha uani pale kwa Khadija.

“Mama, kuja kwanza,” akasema. “Kuja ukae hapa kwa kreti. Mimi si mtu wa maneno mingi, lakini hiyo kitu ulifanyia rafiki yako haikuwa mzuri.”

“Nimemfanyia nini?”

“Si hukumwita harusi.”

Nikamwambia aliitwa, tena akasoma. Mama Otieno akaniangalia kama naumwa. Akasema Khadija alijua kuna harusi, watu wote walijua. Alikuwa ameshonesha dera. Akaoga kila siku asubuhi wiki ile, akavaa, akakaa kwenye kiti karibu na mlango. Wakimwambia ale anasema ngojeni, kuna mgeni wangu anakuja, huwa anakunywa chai kidogo. “Mimi ndio nilimwonyesha picha,” akasema Mama Otieno. “Nilikuwa nazo kwa simu, mtu alituma. Nilidhani nimemfurahisha. Nikamwambia, si hii ni harusi ya beshte yako? Akaangalia, akasema imependeza. Akaenda kuvua ile nguo.”

Sikununua maembe. Nilipanda tuktuk kutoka pale pale sokoni, nikamwambia dereva Chaani, akaniuliza Chaani wapi, nikamwambia twende nitakuonyesha, na kikapu changu kitupu miguuni.

Nilipiga hodi mara tatu, kama inavyotakiwa. Khadija alikuwa ndani anachambua mbaazi. Hakuinuka. “Karibu, mgeni,” akasema. Mgeni. Miaka hamsini. Nikaingia, nikakaa. Akaniuliza hali, nikamwambia njema. Nikamuuliza hali, akasema alhamdulillahi. Akauliza habari za Rehema, za mkwe, za nyumba, moja baada ya moja, kwa adabu ya kuua mtu, na Zuhura akamruka.

“Na Zuhura hajambo,” nikasema.

“Alhamdulillahi. Nasikia aliolewa.”

“Khadija, ulialikwa.”

“Na nani?”

“Ulitumiwa kadi.”

“Iko wapi?”

“Kwenye simu.”

“Ya nani?”

“Ya Mwanasiti.”

Akaita, “Mwanasiti.” Sauti ikajibu abee kutoka uani, na Mwanasiti akaja na mikono ya sabuni. Aliponiona akageuka rangi. Khadija akamuuliza kama kuna kadi. Mwanasiti akasema ilikuja, aliiona, ikaimba. “Mbona hukuniambia?” Mwanasiti akaanza kulia. “Mama, mimi nitakuambia wewe harusi ya Zuhura? Mimi ni nani? Nilijua Bibi atakuja mwenyewe. Yeye haji kwa simu. Nikaona hiyo kadi ni yangu mimi.” Akanitazama mimi. “Nilikuwa nakungoja na wewe, Bibi. Chai nilikuwa naiweka tayari.”

Kwa miezi minane nilikuwa nimewabebea vinyongo, na wao walikuwa wamebeba chai. Nikamwambia Khadija nisamehe, ni mimi, nilifanya uvivu. Sikutaja goti. Khadija akachambua mbaazi nyingine kumi hivi. Kisha akasukuma ungo kando, akafuta mikono kwenye leso, akakaa sawa sawa.

“Haya,” akasema. “Nialike.”

“Nikualike wapi?”

“Harusini.”

“Khadija, mtoto ana mimba.”

“Hiyo ni shauri yake. Mimi sijaalikwa. Umekuja mpaka hapa, hebu fanya kazi yako.”

Nilidhani ananifanyia mzaha, lakini uso wake ulikuwa mkavu. Mwanasiti amesimama, sabuni inamdondoka. Basi nikajitanda buibui vizuri nikasema, “Bi Khadija, nimetumwa na Rehema, anakusalimu sana. Binti yake Zuhura anaolewa. Hina ni Alhamisi, nikahi ni Ijumaa, kupamba ni Jumamosi. Usikose.” Khadija akaitika, “Inshallah. Nitakuja.” Kisha akamwambia Mwanasiti, “Na hiyo chai iko wapi? Miezi minane inachemka?”

Na alikuja. Jumamosi, na dera lake, na doti ya leso kwenye karatasi ya zawadi. Rehema aliona haya lakini alipika pilau, nilimwambia asipopika nitapika mimi. Tulijaribu kumvisha Zuhura gauni la harusi, likakataa kupita tumboni, tukamfunika nalo kama shuka, akakaa kitandani kwangu chini ya zile taa nne, anacheka mpaka analia. Khadija akamtia hina kidogo kwenye kiganja. “Bwana harusi yuko wapi?” akauliza. Zuhura akasema yuko kazini bandarini, zamu yake. “Basi leo tunamuoza nani?” Khadija akavitazama vidole vyake vyenye hina, akakitazama kile kidude juu, kinawaka na kuzima. “Na hiki ndicho kilichonilia harusi?” Nikasema ndicho. Akakinyooshea kidole, “Siku yako itafika.” Haikufika. Kiko mpaka leo, na kimeongezewa kingine sebuleni.

Nilikuwa naye miaka mitatu baada ya hapo, sahani zikienda na kurudi. Sikuwa mwalishi tena, hakuna aliyenituma. Nilizoea. Nilijifunza hata kupokea sauti kwenye simu ya Rehema, na kumpelekea Mwanasiti sauti, ingawa wananiambia napiga kelele kana kwamba Chaani ni ng'ambo.

Basi siku ile ya msiba wake, nilipoona ile nazi imebaki kifuu, nikainuka nikajitanda buibui. Rehema akasema tuktuk ya kwenda kwa Khadija itakuja adhuhuri. Nikamwambia ni vizuri, nitarudi kabla yake, nakwenda kuwaambia watu. “Mama, watu wote wameshaona.” Nikamwambia najua. Nikachukua bakora, nikaanzia nyuma ya msikiti, kama zamani. Nyumba ya kwanza alifungua msichana mdogo aliyeolewa pale mwaka jana, simu mkononi, na kabla sijamaliza hodi akasema, “Bibi, pole, tumeshaona kwenye grupu.” Nikamwambia, “Najua mmeona. Nipishe nikae.” Akanipisha. Nikakaa, nikamuuliza hali, akanijibu, akaniuliza na mimi, kwa kusitasita, maana hakufunzwa. Kisha nikaanza, “Mwanangu, nimetumwa na,” nikakwama hapo, kwa kuwa hapo ndipo anapotajwa aliyekutuma, na siku ile hakuna mtu aliyenituma. Msichana akangoja. Nikasema nimetumwa na Khadija. Akaigeuza simu yake kifudifudi juu ya mkeka, akakaa sawa sawa, akasema, “Abee, Bibi,” nami nikamwambia.